Delphine de Girardin hakuwa "mke wa mwenye gazeti" tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu chimbuko la magazeti ya bei nafuu nchini Ufaransa tuliisoma kwa furaha, na hesabu za Émile de Girardin, mwanzilishi wa gazeti la La Presse, mlizieleza vizuri kuliko vitabu vingi. Lakini kuna aya moja imetuuma. Mmeandika kwamba Girardin alikuwa na mke mshairi. Kwamba safu iliyovuma ya gazeti lake iliandikwa na bwana mmoja, Vikonti (cheo cha kikabaila) de Launay. Na kwamba mke yule alijaribu kutunga mchezo wa kuigiza juu ya waandishi wa habari, ukaanguka jukwaani. Vikonti de Launay na mke yule, Delphine de Girardin, ni mtu mmoja. Na mchezo haukuanguka jukwaani, maana serikali haikuuruhusu hata kupanda jukwaani. Tunaomba nafasi tuyanyooshe haya, kwa sababu kipande cha historia kilichokatwa ndicho kinachohusu kazi yenu ya kila siku.

Alizaliwa Delphine Gay, Januari 1804, Aix-la-Chapelle, mji ambao leo ni Aachen wa Ujerumani lakini wakati ule ulikuwa chini ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mkusanyaji mkuu wa mapato ya serikali katika jimbo hilo. Mama yake, Sophie Gay, alikuwa mwandishi wa riwaya, na ukurasa huu wa barua utapenda kujua kwamba Sophie aliingia katika uandishi kwa mlango huu huu: mwaka 1802 aliliandikia gazeti la Journal de Paris barua ya kuitetea riwaya ya Madame de Staël iliyokuwa ikishambuliwa. Riwaya yenyewe iliitwa Delphine. Miaka miwili baadaye binti akazaliwa, na jina lake mnalijua.

Mashairi aliyaanza mapema. Mwaka 1822, akiwa na miaka 18, alitunga shairi juu ya madaktari na watawa wa Kifaransa waliokwenda kuwauguza watu wa Barcelona wakati wa homa kali iliyoushika mji ule, na chuo cha Académie française kikamtaja kwa heshima. Akaitwa Muse wa taifa, yaani mungu wa kike wa ushairi, akasoma beti zake kwenye sebule za wakubwa, akapelekwa Roma mwaka 1827 akashangiliwa huko pia. Hapa ndipo wanaomwita "mke mshairi" huishia. Kwa maoni yetu mashairi yale ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yake. Ni mazuri kuyasikia, yamepangwa kwa adabu, lakini ukiyasoma leo huwezi kuyatofautisha kwa urahisi na ya wenzake wa miaka ile. Sauti yake mwenyewe aliipata baadaye, na aliipata gazetini.

Aliolewa na Émile tarehe 1 Juni 1831. Miaka mitano baadaye, 1 Julai 1836, Émile akaanzisha La Presse. Mmekwisha kueleza kwamba magazeti ya Paris yalitoza takriban faranga 80 kwa mwaka, naye akatoza 40, na pengo likazibwa na matangazo ya biashara. Ambacho hamkukieleza ni hatua inayofuata, na bila hiyo hesabu haisimami. Mwenye duka hatalipia tangazo mpaka gazeti liwe na wasomaji wengi. Wasomaji wengi huwapati kwa siasa peke yake, kwa sababu wakati ule kila gazeti lilikuwa la chama chake, na msomaji wa upande mmoja hakugusa la upande wa pili. Hivyo gazeti la faranga 40 lilihitaji kitu ambacho mtetezi wa mfalme, mpenda jamhuri, mke wa daktari na karani wa benki wote wangekisoma. La Presse liliweka vitu viwili. Cha kwanza ni hadithi ya mfululizo: riwaya ya Balzac iliyotoka kipande kwa kipande kati ya Oktoba na Novemba 1836 ndiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika gazeti la kila siku la Kifaransa. Cha pili, kilichotangulia kwa wiki chache, ni safu ya Delphine iliyoitwa Courrier de Paris, yaani barua kutoka Paris, ikianza mwishoni mwa Septemba 1836 na kutiwa sahihi ya Vikonti de Launay.

Kwa hiyo safu ile haikuwa pambo alilopewa mke wa mwenye mali ajifurahishe nalo. Ilikuwa sehemu ya mtambo. Ungeiondoa, nusu ya bei ingekosa wa kuilipa.

Tazameni barua ya kwanza kabisa ilivyoanza, maana ufundi wote umo ndani yake. Anasema wiki hii hakuna kubwa lililotokea: mapinduzi huko Ureno, dalili ya jamhuri huko Hispania, mawaziri wapya Paris, bei kuporomoka sokoni kwenye hisa, dansi mpya kwenye jumba la Opera, na kofia mbili za satini nyeupe kwenye bustani ya Tuileries. Kisha anaipitia orodha yake mara ya pili na kukifuta kimoja baada ya kingine. Mapinduzi ya Ureno yalitarajiwa. Ya Hispania yalikwisha kutabiriwa. Mawaziri walikwisha kuhukumiwa kabla hawajateuliwa. Kuporomoka kwa bei kulikuwa na watu waliokwisha kuchuma faida. Dansi ilibandikwa kwenye mabango wiki tatu nzima. Basi habari mpya iliyobaki ni kofia.

Msomaji wa haraka anaona mzaha wa kike. Lakini hesabuni alichokifanya. Katika sentensi chache amemjulisha msomaji mambo matano ya dunia, ameonyesha kwamba serikali na soko vyote vilijua mapema kile umma ulichoambiwa ni kipya, na amempitisha salama mtetezi wa mfalme na mpenda jamhuri katika mlango mmoja bila kumwudhi yeyote. Kofia ndizo zinazomruhusu kuyasema hayo yote. Na hapa ndipo wanaoiga safu ya namna hii hukosea, tangu karne ile hadi leo: hubakiza kofia, wakatupa Ureno. Uzito ukiondoka, kinachobaki ni umbea, na umbea hauna msomaji wa wiki ya pili.

Sehemu nyingine za kazi hazionekani. Safu ya mazungumzo huchosha haraka kwa sababu mwandishi huishiwa na mambo. Delphine alijilinda kwa kuwa na baraza. Nyumbani kwake jioni waliingia waandishi kama Hugo, Lamartine, Balzac na Gautier, wanasiasa, wanamuziki, na yeye akasikiliza. Lakini hakuandika fulani kasema hivi. Aliandika namna watu wanavyosema. Januari 1839, habari za uvumbuzi wa Daguerre, mashine ya kunasa picha kwa mwanga, zilipoenea Paris, hakujitia kueleza kemia yake. Alieleza jinsi wajuzi wa sebuleni walivyokuwa wakiwaelezea wenzao kemia hiyo kwa nyuso kavu, hali hawakuielewa. Maelezo ya kemia yangepitwa na wakati baada ya miaka michache. Picha ya mtu anayefafanua asichokijua haijapitwa hadi sasa.

Jambo la tatu ni kipimo. Courrier iliwekwa chini ya ukurasa, chini ya mstari mnene unaokata ukurasa kwa upana. Wafaransa hupaita mahali hapo ghorofa ya chini ya gazeti. Juu ya mstari kuna bunge na mawaziri, chini kuna kila kitu kingine. Nafasi ile hairefuki. Mwandishi aliyezoea kuijaza hujifunza kuingia bila utangulizi na kutoka bila hotuba. Wala hakuijaza kila wiki bila kukosa. Kuna vipindi vya ukimya, kisha hurudi kama mtu aliyetoka uani kuchota maji. Alidumu hivyo kwa miaka kumi na miwili, hadi Septemba 1848.

Sasa kuhusu jina la kiume, ambalo liliwapoteza na ninyi. Katika Kifaransa mwandishi hawezi kujificha kwa jina pekee. Anapoandika "nilikwenda" kwa namna fulani za kitenzi, tahajia yenyewe inasema kama aliyekwenda ni mwanamume au mwanamke: allé au allée. Delphine alipaswa kuivaa barakoa katika kila sentensi, na aliivaa. Paris ilikwisha kumjua mapema, lakini barakoa iliendelea kufanya kazi kwa sababu ilimpa uhuru wa kusema kama bwana mwenye cheo anayezunguka mjini, huku akiona ambacho mabwana hawakukiona. Mfasiri wa Kiswahili atakutana na tatizo la kinyume. Nafsi zetu hazibagui: "nilikwenda", "alikaa", "amechoka" hazisemi ni bibi au bwana. Akifasiri neno kwa neno, barakoa inavuka mpaka ikiwa imeyeyuka, na msomaji hatajua kwamba kulikuwa na mchezo wowote. Dawa yake si maelezo ya pembeni. Ni kumfanya Vikonti ajitaje kwa cheo chake mara kwa mara, na watu wanaomsemesha wamwite bwana, ili msomaji aione sauti ya mwanamume kwa jinsi anavyoheshimiwa.

Mambo hayo tumeyarefusha kwa makusudi. Sasa tuje kwenye mchezo.

L'École des journalistes, yaani skuli ya waandishi wa habari, ni komedi ya beti yenye matendo matano. Ili mchezo upokelewe na Comédie-Française, jumba la taifa la maigizo mjini Paris, ulipita kwenye kamati ya usomaji ya waigizaji wenye hisa katika jumba lile. Mchezo ulisomwa kwa sauti mbele yao, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha wakapiga kura. Oktoba 1839 kamati iliupokea kwa kauli moja. Hilo ni jambo la kukumbuka, kwa sababu waigizaji wale walikuwa wakiyaishi magazeti: ukosoaji wa Jumatatu ungeweza kuvunja kazi ya mwaka. Walijua wanachokipokea.

Lakini kamati haikuwa mlango wa mwisho. Julai 1835 Fieschi alijaribu kumwua mfalme Louis-Philippe kwa bunduki ya mitutu mingi, na Septemba ya mwaka uleule zikapitishwa sheria zilizorudisha ukaguzi wa serikali kwa kila mchezo kabla haujaonyeshwa. Gazeti lilishtakiwa baada ya kuchapisha; mchezo ulizuiwa kabla ya pazia kufunguliwa. Mchezo wa Delphine ulisimama hapo. Ndani yake kuna gazeti liitwalo La Vérité, Ukweli, linaloanzishwa kwenye meza ya karamu na vijana wenye vipaji na wasio na kinyongo na mtu. Hakuna shetani kati yao. Wanaandika mzaha mmoja ili kujaza nafasi, na mzaha ule unaingia nyumbani kwa mtu wa serikali na kuvunja amani kati ya mke, mume na mama mkwe. Watu wa Paris wakaona humo uvumi uliokuwa ukimwandama mwanasiasa Adolphe Thiers na familia ya mkewe, na kwa serikali hiyo ilitosha.

Upande wa pili wa mchezo ni mzee mchoraji, Morin, anayesoma kwamba zama zake zimekwisha. Anajiua. Watazamaji wangemtambua bila kuambiwa. Juni 1835, mchoraji Antoine-Jean Gros, aliyekuwa amechora ushindi wa Napoleon, alijitupa katika mto Seine baada ya picha yake ya maonyesho ya mwaka ule kudhihakiwa magazetini. Delphine hakusema kwamba waandishi ni wauaji. Hoja yake ni kali zaidi: kwamba mashine ya gazeti hutoa maumivu hata pale ambapo hakuna aliyekusudia, kwa sababu nafasi lazima ijazwe kufikia saa fulani, na aliye karibu ndiye anayejazia. Alikuwa akiyasema haya akiwa ndani ya mashine ile, akila chumvi yake, mke wa mwenye gazeti lililobadili biashara nzima. Tena mumewe alikuwa na damu ya mwandishi mwenzake mikononi: Julai 1836, wiki tatu tu baada ya La Presse kutoka, Émile na Armand Carrel wa gazeti la National walipigana kwa bastola katika msitu wa Vincennes baada ya ugomvi wa magazetini. Émile alijeruhiwa pajani. Carrel alikufa tarehe 24. Huwezi kuusoma mchezo ule wa 1839 na kusahau jambo hilo.

Mchezo una sura isiyo ya kawaida, na tunaamini hata kama ungepita ukaguzi ungewasumbua waongozaji. Tendo la kwanza linakwenda kama vodevili, yaani mchezo mwepesi wa vichekesho, mizaha ikigongana; kadiri matendo yanavyosonga hewa inazidi kuwa nzito, na la tano ni tanzia. Mwigizaji akiligeuza la kwanza kuwa la huzuni mapema, mtego hauna chambo. Akibaki mcheshi hadi la nne, kifo cha Morin kinaonekana kimebandikwa. Beti zake si bora kuliko za wenzake, hilo tunalikubali. Ujenzi wake ndio unaostahili kusomwa.

Ulipozuiwa, aliusoma mwenyewe nyumbani kwake mbele ya wageni, na waandishi wa habari wakiwamo. Kisha akauchapisha kitabu mwaka uleule wa 1839. Jules Janin, mkosoaji aliyeogopwa kuliko wote, akamjibu kwa barua ya wazi iliyochapishwa. Basi huko "kuanguka" mliko­kutaja ni nini? Ulipita kwa waigizaji, ukanyimwa na serikali, ukasomwa sebuleni, ukajibiwa magazetini.

Michezo yake iliyofika jukwaani haikufanana kwa bahati. Judith, tanzia ya Biblia iliyotungwa kwa ajili ya mwigizaji Rachel, ilionyeshwa tarehe 24 Aprili 1843 na haikudumu. Siku mbili kabla, upande wa pili wa mto, jumba la Odéon lilikuwa limefungua tanzia ya Ponsard juu ya Lucrezia wa Roma, na mji mzima ulikuwa ukizungumza hiyo. Cléopâtre ya Novemba 1847 ilikwenda vizuri zaidi, kwa nguvu ya Rachel. Lady Tartuffe ya Februari 1853, matendo matano ya nathari, ilimweka Rachel huyohuyo katika mavazi ya wakati wake akicheza mwanamke mnafiki wa dini. Mnaona mwelekeo. Kila alipoacha mizani na kukaribia lugha ya safu yake, mchezo ulipata damu.

Kilele chake ni tendo moja tu: La joie fait peur, tunaweza kuuita Furaha Inatisha, ulioonyeshwa Comédie-Française tarehe 25 Februari 1854. Mama amepokea habari kwamba mwanawe amekufa mbali. Nyumba iko katika msiba, dada na mchumba wamevaa nyeusi, mama amedhoofika hata inahofiwa kwamba mshtuko mmoja zaidi utamwua. Kijana anarudi, mzima. Anayekutana naye kwanza ni Noël, mtumishi mzee, aliyekuwa hajaikubali habari ya kifo. Mchezo mzima ni swali moja la vitendo: mtu aliyekwisha kulia hadi mwisho anaambiwaje kwamba hakupaswa kulia?

Kwetu watu wanajua kumfikishia mtu habari ya msiba kwa hatua. Haambiwi njiani kwamba mzazi amefariki. Huambiwa ni mgonjwa, njoo nyumbani, kisha amezidiwa, na akikuta viti vimepangwa nje anaelewa mwenyewe. Delphine ameigeuza ngazi hiyo chini juu. Noël anamficha kijana, anaanza na wale wenye nguvu, na kwa mama anapeleka tumaini kwa kijiko: kwanza shaka ndogo juu ya habari yenyewe, kisha mfano wa mwingine aliyerudi, kisha kimya, ili mama aulize mwenyewe. Ugumu ni kwamba kila anayejua anakuwa hatari mpya, kwa maana huzuni huigizika lakini furaha hutoka usoni. Mama anaanza kusoma nyuso. Kicheko kinachozuiwa mbele ya nguo nyeusi ndicho kinachowachekesha na kuwaliza watazamaji kwa dakika ileile.

Mwigizaji Régnier alisifika sana kwa nafasi ya Noël. Kikundi chochote kitakachoujaribu kijihadhari na jambo moja: Noël akichezwa kama mtumishi wa vichekesho, anayejikwaa na kupindua trei, mchezo unakufa, kwa sababu watazamaji wataacha kuogopa kwamba mama anaweza kufa. Ucheshi wake lazima utoke katika hofu. Mchezo ni wa chumba kimoja, wahusika wachache, nathari tupu, hauhitaji mitambo. Ndio tungeshauri ufasiriwe kwanza. Skuli ya waandishi ije baadaye, na atakayeifasiri ajue kinachomngoja. Mshororo wa Kifaransa una silabi 12, na pumziko baada ya ya sita. Shairi letu lina mizani 16, nane kwa nane, kwa hiyo inaelekea kama nafasi ipo tele. Haipo. "Les journalistes" inachukua silabi nne au tano. "Waandishi wa habari" ni mizani nane, kipande kizima kimejaa na hujasema bado walifanya nini. Mfasiri atalazimika kutumia "waandishi" peke yake na kuacha mandhari yamalizie.

Mwaka 1848 ulimvunja Delphine moyo. Tarehe 25 Juni, wakati wa mapigano ya mitaani Paris, Jenerali Cavaignac aliamuru Émile akamatwe. Akawekwa katika gereza la Conciergerie siku kumi na moja, na La Presse likafungwa kwa wiki kadhaa. Lilipofunguliwa Delphine aliandika kwa muda mfupi, na barua ya mwisho ya Vikonti ni ya tarehe 3 Septemba mwaka ule. Nguvu iliyobaki aliipeleka jukwaani. Lady Tartuffe na Furaha Inatisha zote ni za baada ya hapo.

Kuna kisa kimoja cha kisiwani Jersey ambacho hupewa nafasi kubwa kuliko kazi yake yote, na kwa kuwa wasomaji watakiulizia, tukieleze kama kilivyokuwa. Septemba 1853 alivuka bahari kumtembelea Victor Hugo uhamishoni, akawapelekea mtindo uliokuwa umeishika Paris, wa kuita roho kwa meza. Meza ya nyumbani ilikuwa ya mraba, haikusogea. Delphine akaenda duka la vitu vya watoto mjini Saint-Hélier, akanunua kimeza cha mviringo chenye mguu mmoja unaoishia kwenye makucha matatu, akakiweka juu ya meza kubwa. Watu wawili huweka mikono juu yake. Mguu ukiinuka na kugonga, idadi ya mara ulizogonga ndiyo nafasi ya herufi katika alfabeti: moja ni A, mbili ni B, na kuendelea. Jioni kadhaa zilipita bure. Tarehe 11 Septemba kiligonga, na familia ikaamini aliyefika ni Léopoldine, binti wa Hugo aliyezama katika Seine miaka kumi kabla, wiki ileile. Delphine aliondoka baada ya siku chache. Wenyeji wake waliendelea na vikao hadi 1855. Hayo tu ndiyo aliyoyafanya huko. Kumkumbuka kwa kimeza na kusahau miaka kumi na miwili ya safu si haki.

Alifariki Paris tarehe 29 Juni 1855 kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 51, akazikwa kwenye makaburi ya Montmartre. Mkanganyiko wenu unaeleweka pia kwa sababu nyingine: miaka kumi baadaye, mwaka 1865, Émile naye alipeleka mchezo Comédie-Française, uliotengenezwa upya na mwandishi Dumas mdogo hadi wakagombana juu ya nani mwenye kazi. Kwa hiyo kuna Girardin wawili waliokuwa na gazeti na jukwaa, na orodha za maktaba huwachanganya.

Anayetaka kumsoma aanze na majina. Kazi zake zimeorodheshwa kwa Delphine Gay, kwa Madame Émile de Girardin, kwa Delphine de Girardin, na kwa Vikonti Charles de Launay, wakati mwingine Delaunay kwa neno moja. Asimchanganye na Sophie Gay, mama yake, ambaye naye aliandika riwaya na michezo. Barua za Courrier zilikusanywa mara ya kwanza mwaka 1843 kwa jina la Lettres parisiennes, kisha 1857 kwa jina la Vikonti. Lakini bora ni kuzisoma zilipozaliwa. La Presse limepigwa picha na kuwekwa bure katika maktaba ya intaneti ya Gallica, ya maktaba ya taifa ya Ufaransa. Fungua gazeti kwa jina, chagua mwaka 1836, kisha mwezi, na usitegemee kisanduku cha kutafuta maneno, kwa sababu chapa ya zamani imefifia na kompyuta husoma herufi vibaya. Kuanzia mwisho wa Septemba, ruka bunge na mawaziri, ushuke hadi chini ya mstari mnene.

Wenu,
Wasomaji wa tamthilia, Mombasa